Maumivu ya Koo na Desturi ya Kukata Kimeo: Ufafanuzi wa Chanzo, Hatari na Nafuu

Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo baina ya maumivu ya koo na desturi ya kukata kimeo, inayojulikana katika maeneo mbalimbali ya Tanzania. Kimeo, ambacho pia huitwa kidakatonge, ni kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa laini. Mtoto anapokohoa kwa muda mrefu, kutapika au kukataa kumeza, baadhi ya wazazi huamini kwamba kimeo kimerefuka na kinamkereketa. Hivyo humpeleka kwa mkata vimeo.

Imani hii haikuzuka hivi hivi. Koo linaposhambuliwa na vimelea, utando wake huvimba na kuwa mwekundu. Kimeo nacho, kwa kuwa kimefunikwa na utando huohuo, huweza kuvimba, kurefuka na kugusa shina la ulimi, jambo linaloleta kichefuchefu na kikohozi. Kwa hiyo, anayechungulia kinywani mwa mtoto huona jambo la kweli. Anachokosea ni kuyachukua matokeo kuwa chanzo. Aidha, maumivu mengi ya koo husababishwa na virusi, nayo hupoa yenyewe katika muda wa takribani juma moja. Mtoto aliyekatwa kimeo siku ya nne akapata nafuu siku ya saba angeipata hata bila wembe, lakini sifa huuendea wembe. Kwa maoni yetu, sadfa hii ndiyo inayoidumisha desturi kuliko maneno yoyote ya mganga.

Gharama yake ni kubwa. Damu ya jeraha la kooni humezwa na mtoto bila mzazi kutambua wingi wake, na kifaa kisichotakaswa huweza kuambukiza pepopunda au Virusi vya UKIMWI. Isitoshe, tiba stahiki hucheleweshwa. Baadhi ya maumivu ya koo, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15, husababishwa na bakteria aina ya streptokoki wa kundi A. Yasipotibiwa, huweza kufuatwa na homa ya baridi yabisi baada ya majuma 2 hadi 3, na homa hiyo huweza kuharibu vali za moyo kwa maisha yote. Hapa ndipo penisilini inapohitajika, kwa kawaida vidonge vya siku 10 au sindano moja ya benzathini penisilini. Dhidi ya virusi haina kazi. Mafua, kikohozi na sauti kukauka huashiria virusi. Homa ya ghafla, tezi za shingo zenye kuuma na usaha kwenye mafindofindo, pasipo kikohozi, huashiria bakteria, ingawa uthibitisho hutokana na kipimo.

Nafuu ya nyumbani ni rahisi. Anayeweza kusukutua koo bila kumeza atumie nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu. Paracetamol hupunguza maumivu na homa, mradi kipimo kifuate uzito wa mtoto, aspirini asipewe. Uji uliopoa humezeka vizuri, na asali hulainisha koo, lakini ni marufuku kwa mtoto asiyetimiza mwaka 1. Asiyeweza kumeza hata mate, anayepumua kwa shida au asiyeweza kufungua kinywa afikishwe hospitali mara moja.