Je, wajua unene wa mbwa hupimwa kwa vidole?

Mnadani, iwe Katesh wilayani Hanang au Haydom wilayani Mbulu, mnunuzi mzoefu hahitaji mzani ili amjue ng'ombe. Hutazama nyonga, mbavu, uti wa mgongo, shina la mkia na nundu, kisha hutaja bei. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akirudi nyumbani hamtazami mbwa wake hata mara moja kwa jicho lile.

Madaktari wa mifugo wana ngazi tisa za kupimia hali ya mwili wa mbwa na paka. Ngazi ya 1 ni mnyama aliyebaki mifupa, ya 9 ni aliyenenepeana, na mbwa mwenye afya huwa kwenye 4 au 5. Kifaa ni mkono tu. Pitisha viganja ubavuni bila kukandamiza: unapaswa kuzihesabu mbavu kwa vidole. Mtazame pia kutoka juu. Nyuma ya mbavu kiuno kiwe kimeingia ndani. Ukilazimika kubonyeza ndipo uzipate mbavu, chakula kimezidi. Manyoya hudanganya macho, hasa kwa paka.

Mtoto wa mbwa mwenye tumbo kama ngoma huku mbavu ziko nje hajanenepa. Mshuku minyoo, umwone mtaalamu wa mifugo.

Je, wajua mbwa ameumbika kula ugali zaidi kuliko mbwamwitu? Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na wanasayansi wa Sweden ulionyesha kuwa mbwamwitu ana nakala 2 tu za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuyeyushia wanga, ilhali mbwa walikutwa na nakala kati ya 4 na 30. Kwa hiyo mbwa wa Mbulu anayelishwa ukoko na makombo haonewi, mradi apate na dagaa au nyama, maana ugali mtupu haujengi misuli. Anayenenepa kwa urahisi ni yule wa mjini, anayefungwa mnyororo mchana kutwa na kulishwa na kila anayepita. Akihasiwa, mahitaji yake ya chakula hushuka zaidi, na ni wachache wanaokumbuka kumpunguzia.

Paka ana habari nyingine kabisa. Haonji utamu wa sukari, na asipopata nyama au samaki hukosa taurini. Macho na moyo wake huharibika polepole. Paka aliyenenepa asishindishwe njaa hata kidogo: akikaa siku chache bila kula, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na yanaweza kumuua. Mpunguzie kidogo kidogo, kwa wiki nyingi.

Wengi hudhani dawa ya unene ni kumkimbiza mnyama. Jambo moja la kutufikirisha limetoka jirani kabisa, kwa Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, ambao ndugu zao wanaishi Bonde la Yaeda wilayani Mbulu. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe 30, wote watu wazima. Wahadzabe hutembea zaidi kuliko watu wa Marekani na Ulaya, lakini ukubwa wa mwili ukizingatiwa, nishati waliyotumia kwa siku ilikuwa karibu sawa. Hao ni binadamu, si mbwa. Hata hivyo waganga wa wanyama nao husema kwamba kazi kubwa hufanywa na kipimo cha chakula, matembezi yanasaidia tu.

Kipimo hicho kina faida inayohesabika. Huko Marekani mbwa 48 wa aina ya Labrador walifuatiliwa maisha yao yote. Nusu yao walipewa chakula pungufu kwa robo. Hao waliopunjwa waliishi karibu miaka miwili zaidi.

Sasa punda, ambaye Hanang huonekana zaidi chini ya madebe ya maji na magunia ya mahindi. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2022 unasema alianza kufugwa Afrika Mashariki yapata miaka 7,000 iliyopita. Amezoea nyasi kavu na chache: punda wa kilo 150 asiye na kazi nzito hutosheka na kilo 2 hadi 3 za malisho makavu kwa siku. Kusema kweli, kinachowasumbua punda wengi wa huku ni njaa ya kiangazi na mizigo. Lakini anayepewa pumba nyingi huku amepumzika hurundika mafuta shingoni, na shingo hiyo inaweza kulala upande mmoja, isisimame tena hata akikonda. Naye, kama paka, akinenepa kisha akaacha kula ghafla, damu yake hujaa mafuta na anaweza kufa.

Kama huna mzani wa punda, tumia kamba. Izungushe kifuani nyuma ya miguu ya mbele, piga fundo ncha zake zinapokutana, kisha rudia mwezi ujao kwa kamba ile ile.