Matundu ya Choo Peke Yake Si Kipimo

Meneja akiulizwa iwapo wafanyakazi wake wanapata maji safi na vyoo, jibu huja kwa idadi: matundu kumi ya choo, matangi mawili ya maji, sinki sita. Hiyo ni orodha ya mali ya kampuni. Kipimo cha huduma huanzia kwa mtu anayeihitaji, mahali alipo na saa anayoihitaji.

Chukua shamba la chai, liwe la Mufindi au la Kericho. Vyoo vikijengwa ofisini na kiwandani tu, mchumaji aliye katikati ya majani hana choo, hata kama ripoti inasema kipo. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1987 kuhusu usafi mashambani inadai choo kimoja na mahali pa kunawa kwa kila wafanyakazi 20, umbali usiozidi takriban mita 400. Hata hapo, kwenda na kurudi ni kama dakika kumi, na mchumaji hulipwa kwa kilo. Kila akienda chooni, ujira unapungua. Ndiyo maana wapo wanaojizuia, au wasiokunywa maji juani, wakajitafutia upungufu wa maji mwilini na maambukizi ya njia ya mkojo. Kwa hiyo mkaguzi makini huuliza pia jinsi watu wanavyolipwa.

Kwa upande wa maji, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hautaki bakteria wa E. coli aonekane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa. Sampuli ichukuliwe pale wafanyakazi wanapochotea, maana maji yaliyotoka kisimani yakiwa safi huweza kuchafukia kwenye dumu.

Choo nacho kikaguliwe siku hiyo hiyo: kinatumika? Mlango unafungwa kwa ndani? Zamu ya usiku ina taa? Wanawake wana chao, chenye maji na pipa la kutupia pedi? Mwenye ulemavu anaingia? Penye kunawa, bomba lenye maji bila sabuni halihesabiwi kuwa huduma kamili.

Shirika hilo na UNICEF hupanga huduma za shule na vituo vya afya katika ngazi tatu: ya msingi, pungufu, au hakuna kabisa. Mizani hiyo yafaa kazini pia, ilimradi matokeo yasifichwe ndani ya wastani. Kampuni ikitangaza kwamba asilimia 95 ya watu wake wanahudumiwa, uliza wale watano katika kila mia ni akina nani. Aghalabu ni vibarua, walinzi na wafagizi walioletwa na mkandarasi, ambao pengine hawamo hata kwenye hesabu.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya 2007, inayodai kamati ya usalama na afya penye wafanyakazi 20 au zaidi. Waajiri, ikabidhini kamati hiyo fomu ya ukaguzi, ijazwe na mchumaji na mlinzi wa usiku. Mwenye ufunguo wa choo cha ofisini hawezi kuwa shahidi wao.