Kutoka Chukudu hadi Pikipiki: Je, Ujuzi wa Kwanza Husaidia wa Pili?

Barabara inayotoka Kibumba kuja Goma huteremka sehemu kubwa ya safari. Kwenye mteremko huo hupita chukudu zilizojaa viazi, kabichi na makaa. Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu. Hakina injini wala pedali. Mwendeshaji hukisukuma panapopanda. Panaposhuka hupiga goti juu ya ubao au husimama, akaachia uzito wa mzigo ufanye kazi.

Binamu yangu aliendesha chukudu kwenye njia hiyo kwa miaka sita. Vita vya mwaka 2022 vilipowakimbiza watu wa Kibumba, alifika Goma bila shamba wala mzigo wa kubeba, akaamua kuwa motari. Kila mtu alimwambia neno lile lile: aliyeshusha kabichi kwa chukudu hawezi kushindwa na pikipiki. Wiki ya kwanza alianguka.

Je, waliomtia moyo walikosea? Swali hili linatuhusu hata sisi wa isimu, kwa sababu wanafunzi tuliotoka Goma huambiwa maneno kama hayo kuhusu Kiswahili sanifu: "Ninyi mnakijua tayari."

Mwaka 1901 wanasaikolojia Edward Thorndike na Robert Woodworth walieleza kwamba ujuzi mmoja husaidia mwingine kwa kadiri tu ya sehemu ambazo stadi hizo mbili zinashiriki. Mwaka 1957 Robert Lado aliendeleza hoja iliyo karibu na hiyo katika ujifunzaji wa lugha: yanayofanana na lugha ya kwanza huwa rahisi, yanayotofautiana huwa magumu. Ndiyo asili ya mazungumzo yetu darasani kuhusu uhawilisho chanya na uhawilisho hasi. Tukimpima binamu yangu kwa mizani hiyo, tunapata makundi matatu, si mawili.

Kundi la kwanza ni vitu vilivyo sawa kabisa. Kusimamisha mwili juu ya magurudumu mawili, kuona jiwe la volkano kabla halijafika chini ya tairi, kujua mzigo utavutia upande gani kwenye kona: haya yote aliyachukua kutoka chukudu bila kufundishwa upya. Historia inakubali. Mwaka 1817 Karl Drais wa Ujerumani alitengeneza chombo cha mbao cha magurudumu mawili kilichosukumwa kwa miguu. Pedali zilikuja miongo kadhaa baadaye. Watu walijifunza mizani kwanza.

Kundi la pili ni vitu vipya kabisa, kama klachi na gia. Hapa chukudu haikumsaidia, lakini pia haikumdhuru. Alijifunza polepole kama mtu mwingine yeyote.

Kundi la tatu ndilo lililomwangusha: vitu vinavyofanana nusu. Breki ya chukudu ni kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, na hukanyagwa kwa mguu. Pikipiki nayo ina breki ya mguu, ila iko mbele, chini ya mguu wa kulia, na breki ya gurudumu la mbele iko mkononi. Mbuzi alipokatiza barabara, mguu wa binamu yangu ulirudi nyuma kutafuta gurudumu. Alinieleza hivi: "Muguu ilikumbuka mbele ya kichwa."

Mimi nilianguka namna hiyo hiyo, ila kwenye karatasi. Katika insha ya mwaka wa kwanza niliandika: "Wakulima wanashukaka Goma kila Jumamosi." Katika Kiswahili cha kwetu, -ka mwishoni mwa kitenzi huonyesha mazoea, kama Walingala wanavyosema *asalaka*, yaani hufanya. Mwalimu aliizungushia wino mwekundu. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimeona -ka- katikati ya vitenzi vitabuni, nikaihamisha: "Wakulima wakashuka Goma kila Jumamosi." Wino ukaongezeka, maana -ka- hiyo husimulia tukio lililofuata jingine. Nilichohitaji ni hu-, "hushuka", kiambishi ambacho nyumbani hatukitumii. Umbo nililijua, mahali pake na kazi yake sikuvijua.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ujuzi wa kwanza husaidia, lakini hatari yake haiko pale tunapoitazamia. Kilicho tofauti sana hutufanya tuwe macho. Kinachokaribia kufanana hutulaza usingizi. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi wa Goma "unakijua tayari" anamnyima onyo analolihitaji zaidi. Na yule anayemwambia "Kiswahili chako kibovu" anatupa mizani yote aliyokuja nayo. Ingefaa kozi ianze na orodha fupi ya maumbo pacha, -ka ikiwa ya kwanza, kisha mazoezi mengi juu ya hayo tu.

Binamu yangu bado anabeba abiria. Vijana wa chukudu wakimwomba awafundishe, hawafundishi kukaa wima, kwa kuwa hilo wanalijua. Huwaketisha juu ya pikipiki iliyozimwa, akapiga kelele ghafla "Mbuzi!", na kutazama mguu unakwenda wapi.