Ngazi za Basi na Njia ya Mto Cole

Mtu anayetoka nyumbani kwake Tandale, Dar es Salaam, kwenda gengeni hasemi anakwenda kufanya mazoezi. Anakwenda kununua nyanya. Njiani anaruka mtaro, anakwepa bodaboda, anasimama kusalimiana, anarudi na mfuko mzito mkononi, na jioni akihesabu kazi za siku hiyo hataitaja safari ile hata kidogo. Afya iliyomo ndani yake hakuiomba wala hakuipangia ratiba. Imekuja pamoja na nyanya. Mtu huyohuyo akihamia Birmingham, nyanya zinafika mlangoni kwa gari la duka, kazini anafika kwa gari, na baada ya miaka michache daktari anamwambia presha imepanda, afanye mazoezi. Anajilaumu kuwa amekuwa mvivu. Nadhani anajidhulumu. Waliohama hawakupoteza nidhamu, maana huko walikotoka hawakuihitaji. Walichopoteza ni ulazima wa kutumia mwili. Hoja yangu ni kwamba uzee wenye nguvu haujengwi na juhudi inayobandikwa juu ya siku iliyokwisha jaa. Unajengwa na namna siku yenyewe ilivyopangwa, na ulazima ule uliopotea unaweza kurudishwa kwa makusudi, hata katika mtaa kama Shard End.

Mtaa huo uko ukingoni mwa mashariki mwa Birmingham, pale jiji linapopakana na Solihull. Sehemu yake kubwa ilijengwa na halmashauri baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, juu ya ardhi iliyokuwa mashamba, ili familia zilizobanana katika nyumba chakavu za katikati ya jiji zipate bustani, hewa na mahali pa watoto kucheza. Mto Cole unapita hapo, na kingo zake zimo ndani ya Kingfisher Country Park, hifadhi ndefu inayoufuata mto kutoka Small Heath hadi Chelmsley Wood, iliyopewa jina la mdiria, yule ndege mvuvi wa rangi ya buluu. Kuna ziwa, na kuna viwanja vya michezo vyenye jina la Norman Chamberlain, diwani wa jiji aliyewashughulikia vijana maskini wa Birmingham kabla ya kuuawa vitani Ufaransa mwaka 1917. Binamu yake Neville ndiye aliyekuja kuwa waziri mkuu. Waliochora mtaa huu walijua kwamba mahali panaweza kuponya au kuua. Lakini barabara kuu ya M6 iko karibu, uwanja wa ndege uko karibu, viwanda na maghala yako karibu, na siku ya mkazi inavutwa na gari kutoka pande zote. Njia ya mto inabaki kwa wenye mbwa.

Kwamba mahali hubadilisha mwili, sisi Waafrika Mashariki tuna ushahidi wa kwetu. Watafiti waliwafuatilia watu waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam, wakiwapima kabla ya kuhama na tena baada ya kuhamia mjini, na wakachapisha matokeo mwaka 2010. Katika muda wa mwaka mmoja tu kazi nzito za mwili zilikuwa zimepungua sana, kwa wanaume na kwa wanawake, na uzito ulikuwa umeanza kupanda. Hao hawakuvuka bahari. Walipanda basi la saa chache. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi nao wametufundisha jambo ambalo wengi hawalitegemei. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba wanapumzika karibu saa 10 kwa siku nje ya usingizi, muda unaokaribiana na ule wa watu wa maofisini. Tofauti ni kwamba katika sehemu ya mapumziko yao wanachuchumaa au wanapiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogokidogo wakati wakipiga soga. Kwa hiyo kosa haliko katika kupumzika. Kiti chenye mito ndicho kinachoinyang'anya miguu kazi yake. Mkeka uliokunjwa nyuma ya kochi Shard End unaweza kuwa na thamani kuliko baiskeli ya mazoezi inayoanikwa nguo.

Ushahidi mkubwa kuliko wote, hata hivyo, ulitoka ndani ya basi. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris alichapisha matokeo ya uchunguzi wa wafanyakazi wa usafiri wa London wapatao 31,000. Madereva na makondakta walikuwa watu wa tabaka moja, na walifanya kazi katika basi lilelile la ghorofa. Dereva alikaa zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi mamia ya hatua kila siku akikata tiketi. Makondakta waliugua moyo mara chache kuliko madereva, na walipougua hawakufa ghafla kwa wingi kama wenzao. Morris akaangalia posta: wapeleka barua waliotembea na kuendesha baiskeli walikuwa salama kuliko makarani wa dawatini. Ninachokipenda katika utafiti huu ni kwamba kondakta hakuwa mwanamichezo. Hakuna aliyempa viatu vya mbio. Ngazi zilikuwa kazini kwake, na moyo wake ulilipwa pamoja na mshahara.

Mtu makini atauliza: je, si huenda wenye afya ndio waliochagua ukondakta, na wazito wakachagua usukani? Swali ni la haki, na Morris mwenyewe alilichukua kwa uzito. Aliomba vipimo vya sare walizopewa wafanyakazi hao, akakuta kwamba kweli madereva walikuwa na viuno vinene zaidi, tena hata wale waliokuwa bado vijana. Hilo lingeweza kuiangusha hoja yake. Lakini wenye viuno sawa walipolinganishwa, wembamba kwa wembamba na wanene kwa wanene, kondakta aliendelea kuwa na nafuu. Tangu hapo tafiti za nchi nyingi zimeelekea upande huohuo. Nchini Marekani, utafiti wa mwaka 2019 wa wanawake zaidi ya 16,000, wenye umri wa wastani wa miaka 72, uliona kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa kwa uchache kuliko waliotembea 2,700, na faida ikaendelea kupanda hadi hatua kama 7,500, kisha ikatulia. Zile 10,000 zinazotajwa kila mahali zilianzia kwenye tangazo la kipimahatua kilichouzwa Japani miaka ya 1960. Wapo wanaovunjika moyo kwa kuwa hawazifikii, wakaacha hata zile chache ambazo tayari zilikuwa zinawalinda.

Miguu peke yake haitoshi, na hapa chakula kina neno lake. Mwaka 2025 watafiti wa hospitali ya KCMC Moshi na wenzao wa Uholanzi walichapisha jaribio lililofanyika Kilimanjaro kwa wanaume 77. Waliokuwa wamezoea vyakula vya asili, yaani ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa, walilishwa kwa wiki 2 vyakula vya kisasa kama soseji, mkate mweupe na chipsi. Wengine walibadilishwa kinyume chake. Wiki 2 ni muda mfupi, lakini zilitosha damu ya kundi la kwanza kuonyesha dalili za uchochezi mwilini na kinga iliyodhoofika, na kundi la pili likaonyesha nafuu; baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki 4 baadaye. Kwa msomaji wa Birmingham habari hii ni njema kuliko inavyosikika. Maharage makavu ni miongoni mwa vyakula vya bei nafuu kabisa Uingereza, na kwenye soko la wazi la Bull Ring mboga na matunda huuzwa kwa bei ambayo duka la kuku wa kukaanga haliwezi kushindana nayo. Chakula cha bibi hakijapotea. Kinahitaji sufuria na kuloweka usiku, na huo usiku wa kuloweka ndio uliotuponyoka.

Kuna wanaosema umri umeandikwa, na kwamba babu fulani alivuta sigara tangu ujana akafika miaka 90. Sitabishana na imani, maana hata anayeamini kwamba ajali ipo kwa Mungu huangalia kushoto na kulia kabla ya kuvuka barabara. Kuhusu urithi wa damu, utafiti wa mapacha wa Denmark uliochapishwa mwaka 1996 ulikadiria kwamba ni kama robo tu ya tofauti za urefu wa maisha inayoelezwa na vinasaba. Na kuhusu babu, tunamwona kwa sababu alibaki, wenzake tuliwazika. Madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa na mtafiti Richard Doll kwa miaka 50, hadi 2001, walionyesha kwamba wavutaji hufa mapema kwa wastani wa miaka 10 hivi, lakini aliyeacha akiwa na miaka 60 bado alijipatia kama miaka 3. Huko Norfolk, watu zaidi ya 20,000 walipimwa kwa mambo manne: kutovuta, kuutumia mwili, kula mboga na matunda ya kutosha, na kutozidisha pombe. Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba aliyeshika yote manne alikuwa na hatari ya kufa ya mtu aliyemzidi ujana kwa miaka 14 hivi, akilinganishwa na asiyeshika hata moja. Ni kweli huo ni ufuatiliaji, si jaribio, na wanaoshika mema manne huenda wana mengine mema yasiyopimwa. Hata nikipunguza hesabu hiyo nusu, nabaki na miaka 7, na sijui dawa ya dukani inayotoa ahadi kama hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni la kipato, na naliheshimu. Mtafiti Michael Marmot ametumia maisha yake kuonyesha kwamba afya hushuka ngazi kwa ngazi pamoja na kipato na uhuru wa mtu kazini, na Shard End si mtaa wa matajiri. Anayebeba boksi ghalani usiku, au anayewageuza wagonjwa vitandani katika nyumba ya wazee kwa saa 12, akiambiwa atenge saa moja ya mazoezi anatukanwa. Mwili wake umechoka, ila kwa kuinama na kuinua vibaya, na usingizi wake umekatwa. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeiweka kazi ya usiku miongoni mwa mambo ambayo huenda yakasababisha saratani. Ndiyo maana naamini hoja ya ulazima inamfaa yeye kuliko mtu mwenye nafasi. Haimdai saa mpya. Inamwomba ashuke basi kituo kimoja kabla, apande ghorofa ya juu ya basi kama kondakta wa Morris badala ya kukaa karibu na mlango, amtembeze mtoto shule kwa njia ya mto, na mchana azibe dirisha kwa kitambaa kizito ili usingizi uwe usingizi. Shangazi aliyefikia umri wa pensheni ana pasi ya basi ya bure baada ya saa 3:30 asubuhi, na watafiti wamekuta kwamba wenye pasi hiyo Uingereza hutembea zaidi, kwa sababu hakuna basi linaloanzia sebuleni.

Mambo mawili yanahusu ngozi na damu yetu moja kwa moja, nayo hayangoji nguvu ya mtu. Jua la Uingereza kati ya Oktoba na Machi halitoshi kuupa mwili vitamini D, na wenye ngozi nyeusi wanashauriwa wafikirie kumeza maikrogramu 10 kila siku mwaka mzima. Kopo lake ni bei ya soda chache. La pili, kisukari huwapata watu wa asili ya Afrika wakiwa na uzito mdogo kuliko Wazungu, kiasi kwamba kiwango cha hatari kubwa kwetu huanzia 27.5 katika kipimo cha uzito kwa urefu, si 30. Huduma ya afya ya taifa, NHS, hupima bure kila baada ya miaka 5 watu wa miaka 40 hadi 74 wasio na kisukari au maradhi kama hayo tayari, na maduka mengi ya dawa hupima presha bure kwa waliofika 40. Barua ya mwaliko wa kupimwa haifai kuwekwa chini ya rundo la matangazo.

Inabaki Desemba. Jua la Birmingham huzama karibu na saa 10 jioni, na mtu wa zamu ya mchana haioni njia ya mto ila siku ya mapumziko. Halmashauri ya jiji, iliyotangaza Septemba 2023 kwamba fedha zake hazitoshi kubeba wajibu wake, imekuwa ikipunguza matumizi, na hata kufifisha taa za barabarani kumezungumzwa kama njia ya kubana fedha. Mwanamke anayeogopa giza hatashawishiwa na takwimu za Norfolk, na hana sababu ya kushawishiwa. Taa ile inayofifishwa inastahili kutetewa na wakazi kwa sauti ileile wanayoitetea zahanati. Wakati wakiitetea, Jumamosi saa 3 asubuhi hakuna giza. Upande wa pili wa mpaka wa Solihull, Babbs Mill huko Kingshurst, watu hukutana bure kwa kilomita 5 za parkrun, mpango ulioanzia London mwaka 2004 kwa wakimbiaji 13. Wanaotembea wanaruhusiwa, na kila wiki kuna mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kutembea nyuma ya wote, ili asiwepo mshiriki mwingine anayefika wa mwisho.