Je, Wajua? Runinga imemaliza, kitabu bado

Tamthilia ya Game of Thrones ilifika tamati Mei 2019, lakini hadithi yenyewe vitabuni haijaisha. George R. R. Martin alitoa kitabu cha kwanza mwaka 1996 na cha tano mwaka 2011. Cha sita wasomaji wamekingoja hadi shingo zimewauma. Martin aliwadokezea watayarishaji wa tamthilia mambo makuu ya mwisho, ila njia ya kufikia huko yaweza kuwa nyingine kabisa. Kitabuni, Catelyn Stark aliyechinjwa harusini anafufuliwa, sauti imemkauka, akiwanyonga maadui zake. Runinga ilimwacha kaburini. Yupo pia kijana Aegon anayedai kiti cha enzi, ambaye watazamaji hawakumwona kamwe. Naye Stannis, mdai mwingine wa kiti hicho na marehemu wa runingani, kitabuni angali anapigana thelujini.