Mteja Akisema Mwenyewe, Soko Husikia

Ukiuliza Kibugu ni mbegu gani ya mahindi iliyostahimili msimu uliopita, jibu utakaloliamini halitoki kwenye bango la agroveti. Linatoka kwa jirani aliyeipanda. Katika eneo hili la Kaunti ya Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, watu huishi kwa kahawa, majani chai na maziwa, na mkulima hutoa pesa zake baada ya kusikia yaliyompata mwenzake. Kipindi cha runinga cha Shamba Shape Up, kilichoanza mwaka wa 2012, kimefuata hulka hiyohiyo: kinakwenda shambani kwa mkulima halisi na kumpa nafasi ya kusema.

Biashara ndogo sasa zinaweza kufanya vivyo hivyo kwa video za ushuhuda. Mteja anahojiwa mbele ya kamera, majibu yanahaririwa yawe ya dakika moja au mbili, kisha yanasambazwa kwenye WhatsApp, Facebook au TikTok. Simu nzuri yatosha kuanzia. Hata hivyo, nyingi ya video hizi hazimgusi mtu, kwa sababu mteja amekaririshwa maneno ya mwenye duka. “Huduma zao ni bora sana, nawapendekeza kwa kila mtu.” Nani humsimulia jirani yake hivyo?

Ushuhuda mzuri huzaliwa na swali zuri. Chukua mfano wa muuzaji wa mashine za kukata nyasi za ng’ombe. Mteja wake aulizwe: Kabla ya kuinunua ulikuwa ukifanyaje? Ni nini kilichokufanya usite? Ulijuaje kwamba imekufaa? Swali la kusita lisirukwe kamwe, maana anayetazama naye anahofia bei, vipuri na fundi wa kuitengeneza. Akishajibu, muulizaji anyamaze kidogo. Mara nyingi neno zito hufuata pale mtu anapodhani amemaliza. Na kwa kuwa sauti ya muulizaji huondolewa baadaye, mteja aombwe kujibu kwa sentensi kamili: “Mashine hii nimeitumia miaka mitatu,” si “mitatu” tu.

Aachwe pia azungumze lugha anayoiota. Mama anayetafuta maneno ya Kiswahili sanifu hukakamaa. Kwa Kiembu atacheka, atakumbuka, atataja jina la ng’ombe wake. Manukuu ya Kiswahili yatawafaa wa mbali. Muulizaji naye amwite kama majirani wanavyomwita, Mama Njeru au Baba Muthoni, na amsalimie ipasavyo kabla ya kamera kuwashwa.

Sauti ina uzito zaidi kuliko picha. Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu, lakini sauti isiyosikika humfanya aondoke. Matone ya mvua juu ya mabati yanameza mahojiano yote, nayo bodaboda haikosi kupita. Kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola huokoa mengi. Adhuhuri, jua la karibu na Ikweta huwa utosini na kutia macho kivuli cheusi. Afadhali asubuhi, au barazani penye mwanga mwororo. Msimu mkuu wa kahawa, kati ya Oktoba na Desemba, mkulima asizuiliwe kwa mahojiano: matunda aliyochuma yanapaswa kufika kiwandani siku hiyohiyo. Mpige picha mikono ikichuma, mrudie kazi ikipungua.

Kisha kuna haki ya mtu juu ya sura yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inadai idhini ya wazi kabla ya taarifa za mtu kutumiwa kibiashara, na aliyeitoa anaweza kuiondoa. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake. Shule iitwayo Roma ilitozwa Sh4.55 milioni kwa picha za watoto zilizochapishwa bila ridhaa ya wazazi. Karatasi moja iliyosomwa, ikaeleweka na kutiwa sahihi ni kinga kwa pande zote mbili. Uongo nao huadhibiwa: nchini Marekani, kanuni iliyoanza kutumika Oktoba 2024 inapiga marufuku ushuhuda wa kughushi.

Kibugu kuna adhabu nyingine inayotangulia ya sheria. Anayezungumza kwenye video anafahamika kanisani, sokoni na kwenye chama cha ushirika. Akisema uongo kwa ajili ya pesa, heshima inayopotea ni yake, si ya mwenye duka. Kwa hiyo aonyeshwe video kabla haijasambazwa, na neno asilokubaliana nalo likatwe. Kama alilipwa, hilo litajwe. Na mfanyabiashara asiyepata hata mteja mmoja aliye tayari kumsemea kwa hiari, pesa za kamera azitumie kwanza kurekebisha huduma yake.