UZI: Matapeli wa simu hufuata siasa. Hivi ndivyo wanavyokupata, na hivi ndivyo utakavyojikinga

1/ Mjadala wa usalama ukipamba moto hapa mtandaoni, lazima mtu aulize: "Kila laini imesajiliwa kwa kitambulisho, mbona matapeli hawashikwi?" Kisha mwingine anajibu ati wanaoibiwa ni wajinga. Nasomea sayansi ya siasa, na mama yangu mdogo aliibiwa hivi. Yeye si mjinga. Kaeni hapo tulichambue hili jambo polepole.

2/ Alikuwa ameomba basari ya binamu yangu aliye kidato cha pili. Wiki chache baadaye simu ikalia: "Mama, hongera, mtoto wako amepita." Jamaa alitaja jina la mtoto, shule, hata kiasi cha karo kilichobaki. Akasema kuna ada ya kufungua faili, shilingi 1,850, na ofisi inafungwa saa kumi. Ilikuwa saa tisa na nusu.

3/ Akatuma. Jamaa akapiga tena: faili imefunguka, sasa kuna ada ya hundi, 4,000. Akatuma pia. Zilikuwa pesa za chama, na yeye ndiye mweka hazina. Alikaa wiki mbili bila kumwambia mtu, akiuza kuku mmoja mmoja azirudishe. Mimi nilijua baada ya kumuuliza mbona boma limekuwa kimya hivyo.

4/ Angalia kilichofanyika hapo. Tapeli hakuleta hadithi yake mwenyewe. Alisubiri ahadi ya umma, akapanda juu yake. Mkisikia jukwaani kuna basari, mbolea ya bei nafuu, pesa za wazee au mkopo wa vijana, jueni kuna mtu ameshika simu anaandika meseji. Na uchaguzi wa 2027 ukikaribia mtapigiwa kuhusu kazi za ukarani wa uchaguzi. IEBC haitozi mtu ada ndiyo apewe kazi. Anayeitisha "pesa ya fomu" ni mwizi.

5/ Swali kubwa zaidi: zile habari za mtoto alizipata wapi? Sijui, na sitamsingizia mtu. Lakini fikiria ni mara ngapi kwa wiki unaandika jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu. Kitabu cha soja getini. Daftari la ajenti wa M-Pesa. Fomu ya msaada. Orodha iliyobandikwa ukutani, kila mpita njia anaipiga picha. Tumezoea kuandika tu, hatuulizi karatasi inaenda wapi.

6/ Hapa ndipo siasa inaingia. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha yako, ikiwemo habari za familia zisiitishwe au kufichuliwa bila sababu. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, yenye kamishna wake. Si sheria ya kabatini tu: Septemba 2023 ofisi hiyo ilizipiga faini taasisi tatu, kampuni ya mikopo ya simu, kilabu na shule. Shule ilikuwa imechapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

7/ Wanasiasa wenyewe nao? Mnakumbuka Juni 2021, Wakenya walipoingia eCitizen wakajikuta wamesajiliwa kama wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kujiunga navyo. Tulicheka, tukapiga picha za skrini. Lakini maana yake ni kwamba jina lako na kitambulisho chako vilitumiwa na mtu ambaye hukumpa ruhusa. Tapeli anahitaji vitu hivyo hivyo.

8/ Sasa tuingie kwenye mjadala. Upande wa kwanza husema: sajilini laini vizuri. Tumejaribu. Kulikuwa na kanuni za 2015, na mwaka wa 2022 tulipanga foleni hadi makataa yakasongezwa kutoka Aprili hadi Oktoba. Usajili unasaidia polisi kufuatilia, ndiyo. Lakini laini ikisajiliwa kwa kitambulisho cha nyanya ambaye hajui lolote, ukiifuatilia utamfikia nyanya.

9/ Upande wa pili husema: ongezeni makali ya sheria. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inagusa ulaghai. Ilipotungwa iligusa pia "habari za uongo". Ndiyo maana wanaoitetea huzungumzia matapeli, na wanaoipinga huzungumzia watu wanaoandika mtandaoni. Wote wanasoma sheria moja. Mtu akikuambia tunaihitaji kwa sababu ya matapeli, muulize ni kifungu gani hasa.

10/ Upande wa tatu husema: raia ajikinge. Sawa, ila hilo pekee ni kumbebesha mama yangu mdogo mzigo wote. Maoni yangu: anayekusanya data yetu awajibike ikivuja, kuanzia ofisi inayobandika orodha hadi kampeni inayokusanya namba. Na watu wanacheka ati "umepigiwa na wa Kamiti". Kama ni kweli mfungwa anapiga simu akiwa ndani, basi aliyepitisha hiyo simu ndiye wa kuulizwa kwanza.

11/ Wakati tunasubiri hayo, tujikinge. Meseji ya "nimetuma pesa kimakosa, nirudishie": usirudishe chochote. Angalia salio lako mwenyewe kwenye menyu. Meseji halisi huja kwa jina MPESA, haiji kutoka kwa namba ya kawaida ya mtu. Hata kama pesa imeingia kweli, mwambie aliyetuma afuate njia ya kampuni. Kwa Safaricom, yeye hupeleka ile meseji ya muamala kwa 456.

12/ Ukipigiwa na "huduma kwa wateja" au "ofisi" yoyote, kuna dalili tatu: haraka, siri, na kukuzuia usikate simu. Wanakuweka kwenye laini ili usipate nafasi ya kumuuliza mtu. Kata. Tafuta namba ya ofisi mwenyewe, upige wewe. Usitaje PIN, wala namba ya uthibitisho iliyoingia kwa meseji. Wakikuambia ubonyeze nyota na tarakimu fulani simu ikiendelea, usibonyeze.

13/ Linda laini pia. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kwa Safaricom, *100*100# huzuia laini yako kubadilishwa kiholela. Mtandao ukipotea ghafla na wenzako hapo karibu wanao, usidhani ni mvua. Azima simu, pigia kampuni mara moja, kwa sababu mwenye laini yako mpya anaweza hata kukopa Fuliza kwa jina lako.

14/ Ukishaibiwa: pigia kampuni dakika hiyo hiyo, wajaribu kuzuia pesa kabla hazijatolewa. Badilisha PIN. Usifute meseji. Nenda kituo cha polisi upate namba ya OB, hata kama ni mia tano. Meseji za utapeli za Safaricom zipeleke 333, ni bure. Zisiporipotiwa, hazihesabiwi popote, na mwanasiasa hana sababu ya kuzijibu.

15/ Mama mdogo alimaliza kulipa chama mwezi wa tatu baadaye. Kwenye mkutano aliwaeleza wenzake ukweli, na wawili wakainua mkono: hata wao walikuwa wamepigiwa. Mmoja alikuwa ametuma. Walikuwa wamenyamaza wote, kila mmoja akidhani ni yeye pekee.

16/ Kwa hivyo leo kabla ya kubishana huku, mpigie mama, baba au nyanya. Mwambie: "Mtu akikuitisha pesa ili akupe pesa, nipigie kwanza, hata kama ni usiku." Na mgombea akija kwenu mwaka ujao akiomba namba yako ya simu, muulize ataihifadhi wapi. Mwisho wa uzi. Maswali leteni hapo chini.